Mfuko wa Uzeeni na Kiti cha Mke Wangu

Nilijiunga na mfuko wa uzeeni nikiwa na miaka ishirini na minne kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani. Wenzangu waliweka fedha kwa kuogopa uzee. Mimi uzee niliutamani. Nilikuwa karani wa mahudhurio katika shamba la mkonge huko bondeni, na kila asubuhi nikifungua dirisha la ofisi niliuona mlima wetu umekaa palepale. Juu yake, nyuma ya ukungu, kulikuwa na Vudee, na Vudee kulikuwa na nyumba yangu, na ndani ya nyumba mke wangu, na jikoni kwake chungu cha makande. Mimi niko bondeni nahesabu wakata mkonge.

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mtu aliyefika kidato cha nne alitarajiwa aende mjini akawe mkubwa. Mimi nilifika Moshi mara moja kwa ajili ya kazi, nikashikwa na hamu ya nyumbani hata kabla sijapata pa kulala, nikarudi na basi lilelile lililonileta. Dereva aliniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo.

Basi meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mpole aliyekijua Kiswahili kuliko baadhi yetu, akatuita siku moja sisi makarani na wasimamizi, watu watano. Akasema shamba limejiunga na mfuko. Kila mwezi tutakatwa kidogo, na shamba litaweka kiasi kilekile. Ukifika miaka hamsini na mitano utalipwa kila mwezi bila kufanya kazi.

Nikanyoosha mkono. "Bila kufanya kazi, na mtu awe wapi?"

"Popote."

"Hata Vudee?"

"Hata Vudee."

Nikasaini kabla hajamaliza kueleza, nikiwa wa tatu. Sehemu muhimu ya maelezo ikanipita.

Nilidhani mfuko ule ni kama ndiva. Kwetu mlimani maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na mababu, na kila kaya hutoka kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba kingo. Waliotoka kazini hupangiwa zamu. Leo maji ni ya fulani, kesho ya jirani yake, na siku yako ikifika unafungua mfereji, maji yote ni yako mpaka jioni. Nikapiga hesabu: tuko watano, mimi wa tatu, kwa hiyo mwezi wa tatu fedha zote za mfuko ni zangu. Nikamwahidi mke wangu mabati.

Mwezi wa tatu nikavaa shati la Jumapili, nikaenda kwa meneja.

"Nimekuja kuchukua zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

Nikamweleza habari za ndiva. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoona sitanii akavuta kiti karibu. Hakuna zamu, akasema. Wala fedha hazikukaa bwawani zikitungoja. Zimenunua hisa katika makampuni: la saruji, la chai, la kamba za mkonge, na mengine aliyoyataja kwa majina.

"Kwa hiyo mimi nina kiwanda cha saruji?"

"Kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaangalia ukuta wa ofisi akitafuta. "Labda huo ufa."

Nilikuwa sijawahi kumiliki hata ufa. Jumamosi nilipopanda mlima nikamweleza mke wangu kwamba mabati hayapo ila tuna kiwanda. Akaniuliza kama kiwanda hicho kinazuia mvua. Kisha akasogeza beseni pale panapovuja.

Ninachotaka kukisimulia hasa ni kilichonipata baada ya hapo, maana mpaka leo kinanishangaza. Nilicheza ngoma Same siku ya Uhuru mpaka viatu vikaachia soli. Niliimba dhidi ya wanyonyaji na mirija yao, na niliimba kwa moyo. Lakini tangu siku ya ule ufa nilianza kuisikiliza redio ya ofisini kwa sikio jingine. Wakitaja bei ya mkonge nilinyamazisha watu. Bei ikipanda nilitembea kifua mbele kama mtu aliyeilima. Nikaanza kusema maneno ambayo sikumbuki nani alinifundisha: kwamba kampuni nayo inahitaji faida, kwamba bei ijipange yenyewe, kwamba serikali isiwe na haraka.

Ukweli ni kwamba utamu haukuwa wa fedha. Mimi mtu wa kukaa nyumbani, niliyeshindwa kulala Moshi, sasa nilikuwa na kitu kinachozunguka dunia. Kamba zinafungia meli huko zilipo, chai inanywewa Ulaya, na mimi nimo, na miguu yangu iko palepale. Fedha zangu zilisafiri kwa niaba yangu. Mtu angekuja kuniambia soko huria ni jambo baya, ningemwona kama anataka kunifungia mlango.

Rafiki yangu wa pale shambani alitoka Songea. Alifanya kazi korona, kile kiwanda cha kuparura majani ya mkonge mpaka yabaki singa tupu, zile nyuzi nyeupe. Watu wa korona hawakuingizwa katika mfuko. Ulikuwa wetu sisi wa ofisini. Siku moja wakagoma kwa ajili ya glavu, maana maji ya mkonge huwasha na kuchubua. Wakakaa chini mbele ya ofisi, naye akaja dirishani kwangu.

"Karani, utatuunga mkono?"

Nikasema wana haki. Kisha nikajisikia naongeza: "Ila mngengoja kidogo. Bei imeshuka mwezi huu."

Akaniangalia, halafu akawageukia wenzake. "Njooni msikie. Meneja amejifunza kuongea kwa lafudhi ya Kipare."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini masikio yaliniwaka mpaka jioni. Glavu walizipata.

Kisha likaja Azimio. Shamba letu lilikuwa bado halijataifishwa, ila kila mahali palikuwa na mikutano, na kule mlimani tawi la chama likachagua viongozi upya. Nilipanda Jumamosi moja nikakuta nyumba yangu imejaa akina mama na vigelegele. Mke wangu alikuwa amechaguliwa katibu wa tawi. Sikushangaa sana. Alisoma mpaka darasa la nane, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na kwenye msaragambo yeye ndiye aliyekumbuka nani alikuja na nani alitoa udhuru. Nilichokishangaa ni uso wake. Tulikuwa tumeoana miaka sita, na sikuwa nimeuona hivyo hata siku ya harusi.

Kesho yake mwenyekiti wa tawi akaja, mzee mkulima wa kahawa, mtaratibu. Kijitabu cha Azimio alikibeba kimefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Nasikia una hisa."

"Sina hisa, mzee. Fedha zangu ndizo zenye hisa."

"Na fedha ni za nani?"

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akacheka pembeni, kisha akajikohoza.

Mzee akafungua leso, akafungua kijitabu, akanionyesha kwa kidole. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Na kiongozi, akaendelea, si yeye peke yake. Ni mwanamume na mkewe, au mwanamke na mumewe. "Hapo kwenye mume," akasema, "ni wewe."

Nilijaribu kubisha. Nikasema maagizo yale ni ya wakubwa wa Dar es Salaam wenye magari, siyo ya ufa mmoja wa saruji. Akanisikiliza kwa heshima yote. Sijui hata leo kama kweli yalimhusu katibu wa tawi la mlimani. Nadhani mzee wetu aliyabana kuliko waliyoyaandika. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kijitabu.

"Mimi sina neno na mfuko wako," akasema akiinuka. "Jumapili ijayo napeleka Same jina la katibu. Ama lake, ama la mwingine."

Alipoondoka nikamuuliza mke wangu nani kamwambia habari za hisa.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Aliuliza kama tuna kitu chochote katika kampuni. Ulitaka nianze ukatibu kwa kumdanganya mwenyekiti?"

Nikateremka bondeni na jambo hilo. Kanuni za mfuko nilizijua sasa, nilizisoma mara mbili. Ukitoka kabla ya wakati unapata ulichokatwa wewe. Kilichowekwa na shamba kinabaki, hukioni tena. Wiki nzima nilikosea mahudhurio. Nilimwandika mkata mkonge aliyekwisha kufa kuwa yupo kazini siku tatu. Siku ya nne rafiki yangu wa Songea alinikuta nimekaa na kalamu mkononi, nikamweleza yote.

"Mpare aache fedha za bure?" akasema. "Ngoja nikawaandikie nyumbani, hawataamini."

"Nisaidie, acha utani."

"Siku zote nakusikia unaitetea kampuni isiyokujua hata jina. Mkeo umemtetea lini?"

Nikamwambia arudi korona.

Jumamosi nilipofika nyumbani nilikuwa bado sijaamua, na nilikuwa nimejiandalia maneno. Ningesema tungoje. Ningesema uchaguzi utakuja mwingine lakini uzee hauji mara mbili. Nikamkuta mke wangu amekaa mezani, mbele yake karatasi iliyokwisha andikwa. Barua ya kujiuzulu. Mistari imenyooka, hakuna neno lililokatwa.

"Usijisumbue," akasema. "Mfuko ulikuwepo kabla ya ukatibu."

Nikaisoma. Alikuwa ameandika kwamba anaachia nafasi kwa sababu za nyumbani.

Maneno hayo yalinichoma. Mimi ndiye mtu wa sababu za nyumbani. Kwa sababu za nyumbani nilikimbia Moshi, nikakataa uhamisho mara mbili, nikasaini karatasi ya Mgiriki bila kusikiliza. Nilikuwa nimezitumia maisha yangu yote, na siku zote zilinipa nilichotaka. Sasa zilikuwa zinamnyima mwingine, tena mwenye nyumba hasa.

Nikaigeuza karatasi, nikachukua kalamu yake, na upande wa pili nikamwandikia meneja kwamba najitoa.

"Umeniharibia karatasi," akasema.

"Nitakununulia nyingine."

"Kwa fedha gani?"

Jumatatu meneja aliisoma pande zote mbili, maana sikuwa na akili ya kunakili upya.

"Unajua sehemu ya shamba hupati?"

"Najua."

"Ni siasa?"

"Ni mke."

Akasema hilo analielewa vizuri zaidi, akatia sahihi.

Sasa nilikuwa na jambo la kuchunguza, na kila siku nilijipekua kama mtu anayetafuta kupe. Nilitaka kujua kama yale mawazo yataondoka na hisa. Mengine yaliondoka kwa kasi ya kuaibisha. Watu wa korona walipodai buti, niliwaunga mkono kabla hawajamaliza sentensi, nikamwona yule wa Songea akinikodolea macho kama anayeangalia mjusi aliyebadilika rangi. Lakini mengine hayakutoka. Redio ikitaja bei ya mkonge, bado nilinyamazisha watu. Bado niliuliza nani anapanga bei na kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi: kama mawazo yale yalikuwa yangu, kwa nini nusu yake iliondoka na fedha? Na kama yalikuwa ya fedha, hii nusu nyingine ilibaki kwa nani?

Nilihudhuria mkutano wa kwanza wa tawi ambao mke wangu aliketi mezani kama katibu. Ajenda ilikuwa maharage ya shamba la pamoja. Mwenyekiti alipendekeza yapelekwe chama cha ushirika wiki ileile, kwa bei iliyotangazwa. Nilikuwa nimekuja kusikiliza tu. Mkono ukanyoosheka.

"Ndugu mwenyekiti, tungengoja mwezi mmoja. Same sokoni yatakuwa yamepungua, bei itapanda yenyewe."

Watu wakageuka. Mwenyekiti akamtazama mke wangu. "Katibu, andika hoja ya ndugu karani."

Mke wangu aliinua kalamu lakini hakuandika. "Niandike ni hoja ya mwananchi au ya ule mfuko?"

Mkutano mzima ukacheka, mzee mwenyekiti naye akiwemo.

"Ya mwananchi," nikasema.

"Hana hisa?"

"Hana. Wewe ndiye shahidi."

"Basi naiandika."

Akaiandika yote, neno kwa neno, bila kunipunguzia wala kunipamba. Ikapigiwa kura. Mikono ilikuwa mitatu: wangu, wa mwenye duka, na wa bibi mmoja ambaye baadaye alisema alikuwa anaomba ruhusa ya kutoka. Nikabaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa bado na neno kuhusu magunia.

Muhtasari niliusoma nyumbani kesho yake asubuhi, chai ikipoa. Alikuwa ameandika hoja, kura na uamuzi. Na chini yake, kwa mwandiko uleule ulionyooka, kwamba mtoa hoja aliombwa na katibu aketi, akaketi.