Mizani Isiyojua Kupisha Mzee

Barua ya kumsimamisha kazi karani wa kituo kimoja cha majani chai Nyamira iliandikwa kabla sijafungua kompyuta. Kilo za mkulima mmoja zilikuwa zimeingia kwa mwingine. Basi, mwizi amepatikana. Mizani ya kielektroniki, ambayo programu yake tuliiandika sisi ofisini Kisii mjini, haikuulizwa swali hata moja.

"Mashine haina mkono wa kuiba," bosi wangu alisema. "Wewe jaribu vitufe vyote, kimoja kimoja, tuonekane tumefanya kazi."

Kimoja kimoja, na kikao cha nidhamu ni kesho saa nne. Nimenunua viatu sokoni Keroka miaka mingi na sijawahi kupanda bei shilingi moja moja. Nakata katikati, namsoma mwenye duka usoni, najua niende upande gani.

Kumbukumbu ya mizani ilikuwa na mibonyezo thelathini na miwili. Nikairudia kumi na sita ya kwanza, nikasimama: sasa mashine inadhani inampimia nani? Mkulima mwenyewe. Basi kosa liko mbele. Nikaenda hadi wa ishirini na nne: imeshapotea. Nikakata tena katikati. Mara ya tano nikakifikia kitufe cha "Subiri". Nikarudia yote, maana mara moja ni bahati.

Nikampigia karani simu. "Mama, hapa ulibonyeza Subiri. Kwa nini?"

"Alikuja omogaka na fimbo yake. Ningemwacha asimame juani? Nilimpisha kwanza. Kwenu wazee hupanga foleni?"

Kumbe mzee alipimiwa akaenda zake, mkulima aliyesubiri akarudi, na mashine ikabaki na namba ya mzee. Sisi wasomi tulikijaribu kitufe hicho bila mtu kuingia katikati.

"Hilo ni kosa la mtumiaji," bosi akasema. "Foleni ni foleni. Andika hivyo."

"Andika wewe. Kitufe tumeweka sisi."

Asubuhi niliingia kikaoni na mizani. Mwenyekiti akaweka mkoba wake, nikabonyeza Subiri, bosi akapimiwa wake, mwenyekiti akarudi. Kilo zake zikaingia kwa bosi. Akarudia. Zikaingia tena.

"Kijana," akamwambia bosi, "hizi umeniibia saa ngapi?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliomba ile barua ichanwe mbele yake, na nakala iliyo kwenye faili pia.