Zawadi Zilizopanda Baada ya Mizani

Petroli ikimwagika kwenye majani makavu hutoa harufu inayonitafuta hadi leo. Juzi mwendesha pikipiki alimwaga kidogo karibu na soko letu hapa Kamina, nami nikasimama kama mtu aliyesahau kwao, nikimwona nkambo, mama yake mama, pale uwanja wa ndege.

Nilikuwa bado mtoto. Alikuwa amekuja kumwona mdogo wangu mchanga, na sasa alikuwa anarudi Mulongo kwa ndege ndogo. Rubani alimpima kila abiria pamoja na mzigo wake kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Nkambo alipanda akinung'unika, "Munanipima sawa mufuko ya muhindi! Mutaniuzisha?"

Tukacheka. Lakini kwetu ni aibu mzazi kuondoka mikono mitupu, na zawadi ya kuagana hutolewa mwishoni kabisa, msafiri akiwa ameshaketi. Rubani alipozunguka kukagua upande wa pili, mama aliingiza chumvi, shangazi sabuni, na akina mama wa kwaya waliomsindikiza unga, wakavisukuma vyote chini ya kikwembe, kitenge alichojifunga nkambo. "Kamata, mama, iko kidogo tu!" Jamaa za abiria wengine nao walikuwa na vidogo vyao.

Ndege ilikimbia, ikainuka kama kuku, ikarudi chini na kupitiliza uwanja hadi majanini. Bawa likavunjika, petroli ikanuka kote. Mama alikimbia na mtoto mgongoni, akilia "Mama! Mama!", nami nyuma yake. Mlango ukafunguka. Nkambo akatoka mzima, mweupe pe kwa unga.

Rubani, damu ikimtiririka usoni, aliuliza nani ameongeza mzigo. Mama akainamisha kichwa. Nkambo akamtazama, kisha akajibu, "Mupepo njo ilitusukuma. Minyi niliiona."

"Mupepo inaonekana?"

"Weye ulikuwa unaangalia mbele. Minyi nilikuwa ku dirisha."

Mtaani wengine walisema injini, wengine uchawi. Mimi nilishika neno la nkambo, kwamba ni upepo, nikalishika hadi chuo kikuu, ambako nilibishana na profesa wa fizikia kuhusu ndege ile mbele ya darasa zima. Alipomaliza kueleza habari za uzito unaozidi hesabu ya rubani, nilikaa chini taratibu sana.

Nkambo alikuwa ameshazikwa, akiwa bado na upepo wake. Ndipo nilipoelewa. Alihitaji mkosaji asiye na moyo wa kuvunjika, na uwanjani pale, kati ya watu wote waliompenda, hakukuwa na mwingine ila upepo.