Gari la Jirani Lililoishia Stesheni

Likizo hii nimeshuka stesheni ya Tabora nikakuta kuku anaatamia mayai ndani ya gari la fahari kuliko yote yaliyowahi kuingia mji huu. Amekaa kiti cha nyuma, kiti cha ngozi, anakutazama kama mke wa waziri. Nilicheka, ndugu yangu, kisha nikalitambua lile gari.

Gari lilikuwa la jirani yetu, Mhindi muuza vitambaa, mzaliwa wa hapahapa. Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili asubuhi alilitoa uani akaliosha, nasi watoto tumechuchumaa na michembe mdomoni, vile viazi vikavu vya kutafuna mpaka taya ziombe ruhusa. Harufu ya ngozi ikichanganyika na udi wa mkewe, basi tuko Ulaya. Huku akisugua, alitusimulia kiwanda. Eti walianza ndugu wawili, mafundi wa magari ya farasi. Mfalme akapanda moja, akagoma kushuka. Vita vikaja, wakaunda injini za ndege. Vita vikaisha, wakarudi kwenye magari, na kila mlango ulifungwa na kufunguliwa hadi fundi mkuu aridhike na mlio wake.

"Halafu?" tunauliza.

"Halafu wakatengeneza hili." Anafunga mlango. Tup! Historia imekwisha.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba magari ya namna hiyo ni ya mabepari. Mwalimu huyohuyo, alipooa, alikuja kuliazima.

Kisha injini ikafa. Spea hazikuwepo Tabora wala Dar, jirani akaagiza kiwandani kwenyewe, akangoja. Masika yakaja, yakapita. Jumapili bado aliosha gari lisilokwenda popote. Siku moja padri wa Kizungu, aliyetoka likizo kwao, akaingia dukani.

"Nilipita pale kiwandani," akasema. "Kimefungwa zamani. Siku hizi ni ghala la biskuti."

Jirani alimaliza kumpimia mteja kitambaa. "Kumbe na wenyewe wamekosa spea," akasema.

Haukupita muda, jengo lake, nyumba na duka, likataifishwa. Redioni ilikuwa habari njema. Uani kwetu bibi yangu na mke wa jirani walilia, na hakuna aliyekumbuka kuizima redio. Jirani na mkewe wakaamua kuhamia kwa ndugu zao Dar. Jirani alikuwa radhi kuacha vyote, siyo gari.

"Nitalipakia kwenye treni," akasema. "Lakini nitalifikishaje stesheni?"

Bibi, ambaye baba yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, akajifunga kanga kiunoni. "Jirani, mji huu umejengwa kwa mabega ya watu. Panda, ukae."

Tukalisukuma, mtaa mzima. Bibi mbele anaimba wimbo wa wapagazi, sisi nyuma tunaitikia, jirani ndani kashika usukani, suti imenyooka, mashavu yamelowa.

"Gari la kwanza duniani linalokwenda kwa ugali!" nikapiga kelele.

"Basi kula zaidi, mpumbavu wewe, tunachelewa!" jirani akajibu, akacheka.

Stesheni, karani akasema hakuna behewa la kubeba gari. Labda wiki ijayo. Treni ikapiga honi. Tukatazamana, mtaa mzima na mabega yetu. Jirani akampa bibi ufunguo alitunze gari mpaka behewa lipatikane, akafunga mlango. Tup!

Treni ikaondoka naye. Behewa halijaja hadi leo. Bibi bado ameufunga ufunguo ule kwenye pindo la kanga, ingawa wezi walishavunja kitasa. Nyumba ya jirani sasa ni ofisi, haifukizwi udi. Jumapili mtaani hakuna maji yanayomwagika wala mtoto aliyechuchumaa.

Mdogo wangu, aliyekuja kunipokea, alikwisharukia usukani. "Kaka, nisimulie kile kiwanda."

Nikamsimulia ndugu wawili, mfalme, ndege.

"Halafu?"

Lile ghala la biskuti lilinifika mdomoni, nikalimeza. Mimi, ambaye darasani sijawahi kunyamaza hata kwa viboko.

"Halafu wakatengeneza hili," nikasema, nikafunga mlango. Ukakataa kufungika. Nikaushikilia kwa mkono.