Jina Lililoitwa Mkuyuni

Nakumbuka siku moja ya soko pale Lushoto, mwanangu, ukungu ulishuka mchana ukameza mji mzima. Na wewe acha kucheka, sijafika pa kuchekesha. Nilikuwa msichana, nimeteremka na viazi kichwani, mdogo wangu Zaina kanishika kanga kwa nyuma. Mama alibaki nyumbani na kichanga. Neno lake lilikuwa moja: "Usirudi bila mwenzio."

Nikatua viazi, nikageuka. Kanga ipo, Zaina hayupo.

Mto kule chini umejaa, unanguruma, na macho yangu hayavuki hata meza ya nyanya. Nikakimbilia mkuyu, ule mkubwa wa katikati ya mji. Sisi wa milimani tulilelewa hivyo: ukipotea, nenda mkuyuni, ukipotelewa, nenda mkuyuni. Zaina hakuwepo. Nilikuta mizizi tu na bibi muuza ugoro.

"Unamtafuta nani?" Anasemea puani, hivi, kama nyuki kwenye debe.

"Mdogo wangu Zaina, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Imechelewa, lakini naipokea. Kaa."

"Nakwenda mtoni!"

Akanidaka kanga. "Kaa! Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na wewe ukipotea, tumtafute nani kwanza? Ita jina."

Nikaita kama kuku mgonjwa. Akanipiga kofi la mgongo, akaita mwenyewe. Ndiyo desturi ya soko letu kwenye ukungu: jina likitoka mkuyuni, linapokewa. Mama wa nyanya akalichukua, sauti filimbi: "Zainaaa, mkuyuniii!" Mzee wa kengele pale kanisa la mawe, yeye kila kitu kwake ni zaburi: "Zaa-i-naa, a-na-ta-fu-twaa." Likapanda bomani, lile jumba la Wajerumani, askari wa mlangoni akabweka: "Zaina! Mkuyuni! Mara moja!" Utadhani mtoto kaiba mbuzi. Likateremka kuelekea daraja la zamani, nisilisikie tena.

Nikatega sikio.

Ee mwanangu, kungoja kule! Mwili uko kwenye mzizi, moyo uko mtoni unapekua mawe. Akilini nikamwona mama mlangoni, anatazama nyuma yangu, hamna mtu. Nikainuka. Safari hii bibi hakunishika. Alichota ugoro wake, akasema, "Nenda. Jibu likirudi nimpe nani?"

Nikakaa. Kamasi zinatiririka, lakini nilikaa.

Jibu lilianza mbali, askari akilibweka: "Yupo! Analetwa!" Mzee wa kengele akalitilia na amina. Kisha akatokea kwenye ukungu mghoshi mmoja, mwanamume wa hawa wanaoosha karoti mtoni kabla ya kuzileta sokoni. Zaina yuko begani kwake, anatafuna karoti kama hakuna lililotokea! Alikuwa ameshika kanga ya mwanamke mwingine, maua yale yale, akaifuata mpaka darajani. Pale mwanamke akageuka, mtoto akaogopa, akakimbilia majini.

Yule mghoshi maneno yake mazito, yanatoka kama ng'ombe kwenye tope. "Nilimwona... mguu mmoja uko majini. Jina likapita juu yetu. Akasimama. Akasema, mimi ndiye Zaina, dada yuko mkuyuni."

Nilikuwepo, mwanangu. Alipofika, nilikuwepo.

Nyie wa leo mna simu, mnaniambia: "Bibi, niko hapa hapa nazunguka zunguka!" Chaji ikiisha mnakimbia kila mtu na njia yake, mnapishana ukunguni kama kondoo. Juzi hapo mmenitoa roho kwa mtoto wa kaka yenu aliyepotea. Watu wote walikwenda kutafuta, mkuyuni hakukaa mtu hata mmoja.

Basi sikia. Mtu wako akipotea, iwe ukunguni, iwe kwenye pombe, iwe huko Dar alikoacha kupiga simu, usikimbie kumfuata kwa hofu. Watume wengine wazunguke. Wewe kaa mahali anapopajua, uite jina lake, na usione haya watu wakilisikia. Kukaa si uvivu. Kukaa kunauma kuliko kukimbia, mimi nakwambia.

Mungu akulinde na watu wako. Akupe majirani wa kulipokea jina lako na kulipitisha mbele. Na siku ukipotea wewe, awepo mtu amekaa, akikungoja. Amina, haya, nenda kapumzike.