Nilimchagulia mume wangu spika ya besi, na sikumwambia ukweli

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka sitini na nane, naishi Ngokolo, Shinyanga mjini. Nina watoto wanne na wajukuu. Sijaandika kwa sababu nimeachwa au nimepigwa. Mume wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo linanichosha zaidi.

Miaka ya themanini mwanzoni Baba Zuhura alikuwa fundi wa mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Geita. Alikuwa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Siku moja alirudi na spika mbili alizoachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anahama nchi. Zilikuwa makabati ya mbao yaliyonifikia kifuani, na katikati kila moja ilikuwa na mdomo mpana kama wa tarumbeta. Tukiweka santuri, unamsikia mwimbaji mpaka anapovuta pumzi. Majirani walikuwa wanakuja kukaa barazani kusikiliza.

Lakini hazikuwa na besi. Gitaa la besi lilisikika kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Baba Zuhura akaanza kutafuta spika ya besi ya kuziongezea, na kwa miaka miwili nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Kuna jambo tulilijua mimi na yeye tu: ile mashine ya mawe ilikuwa inamla masikio. Nikimwita kwa nyuma haitiki. Kazini alificha wasimwondoe.

Tulikuwa na fundi wa redio, mzee mmoja mpole kutoka Kahama. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba spika za tarumbeta zina sauti kubwa kwa umeme kidogo, kwa hiyo si kila besi itaziweza. "Ukiweka dhaifu itaachwa nyuma," alisema. "Itakuwa kama mtu anayeitikia shikamoo mgeni ameshaondoka."

Jumamosi moja alasiri fundi akaleta besi mbili tuzijaribu. Moja ilikuwa boksi kubwa lililotoka kwenye bendi ya dansi iliyovunjika. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kuweka chini ya meza. Ile kubwa ingeweza kukaa mahali pamoja tu, pale dirishani penye cherehani yangu. Baba Zuhura alikuwa ameshaniambia, "Cherehani utaihamishia chumba cha nyuma." Chumba cha nyuma kilikuwa cha magunia na hakikuwa na dirisha. Mimi nilikuwa nashona sare za shule za nusu ya mtaa, na ile kona ndiyo kitu pekee katika nyumba ile nilichoweza kukiita changu.

Fundi akaanza na ile kubwa. Ndugu zangu, niseme kweli. Vikombe vilitikisika kabatini, na besi ikaenda na sauti ya mwimbaji kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Baba Zuhura aliweka kiganja juu ya boksi, akafumba macho. Kisha fundi akawasha ile ndogo. Ikavuma noti moja tu, tena kwa kuchelewa.

Mume wangu akanigeukia. "Mama Zuhura, ile ya kwanza naisikia mpaka kifuani, lakini masikio yangu siyaamini tena. Wewe unasikia vizuri. Ipi inaendana?"

Nikasema, "Ile kubwa inafunika sauti. Hii ndogo ndiyo inaendana."

Fundi alinitazama. Alijua. Akaanza kukunja nyaya zake. Boksi kubwa likaenda ukumbi wa dansi Segese. Baba Zuhura akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," nami nikarudi kwenye cherehani.

Miaka iliyofuata alihangaika na ile ndogo. Aliisogeza huku, akaigeuza kule, akasema labda haijazoea nyumba. Masikio yakaendelea kufa. Siku aliyofungia santuri zake sandukuni aliniambia, "Usijilaumu. Wewe ulichagua vizuri. Aliyeharibika ni mimi." Nilikuwa napinda sketi ya mwanafunzi. Niliendelea kupinda.

Cherehani ile imesomesha watoto wote wanne, sijutii kuibakiza dirishani. Lakini ningeweza kumwambia, "Sitaki kuhama hapa." Pengine angenikasirikia wiki moja yakaisha. Badala yake nilimwacha aamini kwamba muziki umemkimbia, wakati kwa kile kiganja chake angeweza kuupata miaka mingine mingi.

Sasa Baba Zuhura ana miaka sabini na tisa na hasikii kabisa. Tunaongea naye kwa kuandika kwenye daftari. Mwezi uliopita Zuhura alikuja kutoka Mwanza, akamwandikia kwamba amesikia viziwi husikiliza muziki kwa mikono, na anataka kumnunulia besi mpya, zile spika za tarumbeta zifufuliwe. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akachukua kalamu akaandika, "Achague mama yako. Yeye ndiye anajua."

Zuhura ananipigia kila siku kuuliza nimeamua ipi. Nikichagua kubwa, ataweka kiganja na dakika ileile atajua nilimnyima nini. Nikichagua ndogo, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, na safari hii bila hata cherehani ya kusingizia, maana macho yangu hayaoni tundu la sindano tena. Yule fundi alishafariki. Hakuna mwingine anayejua.

Nimechoka kulibeba hili. Ninyi mlioishi na mtu mmoja miaka mingi, niambieni: nimwandikie kwenye daftari kabla spika haijafika, au niiache mikono yake imwambie?