Mpiga Pasi Aliyekubali Kila Kitu

Mdogo wangu ni mpiga pasi katika duka la kufulia nguo, na katika kazi hiyo hakuna anayemfikia. Wateja humwita Fundi Kola, maana kola ikitoka mkononi mwake husimama wima siku nzima. Hasikii tangu kuzaliwa. Watu wakigundua hilo humpigia makelele na kupanua midomo utadhani wako kwa daktari wa meno, naye huitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka waondoke. Nilikuwa nikicheka mbavu sina. Sikuwahi kujiuliza kwa nini anaitikia.

Aliyekuwa akizungumza naye ni mama. Walikuwa na ishara zao walizozitunga wenyewe jikoni, wakipiga soga kwa mikono hadi chakula kinaungua. Mama aliniambia mara ngapi, "Mwanangu, jifunze na wewe, mimi sitaishi milele." Nami nikawa bingwa wa kusema kesho. Mama alifariki mwaka jana, akaniacha na ishara za kula, kulala, njoo, mvua na mama.

Mdogo wangu ana sukari. Kidonda cha mguuni alikificha miezi miwili, na tulipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umeoza hadi kifundoni. Daktari alimweleza asubuhi, mimi nikiwa kazini. Nilipofika akaniambia, "Tumeshaongea naye. Tunakata chini ya goti leo mchana, kabla uozo haujapanda. Amekubali, alama ya dole gumba hii hapa."

Nikaingia wodini. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, amechana nywele vizuri. Akanionyesha miguu yote miwili, akaigiza kuvaa viatu, kisha akasukuma pasi hewani. Alidhani anafungwa bandeji arudi kazini. Nikamgeukia daktari aliyenifuata.

"Daktari, huyu hajaelewa!"

"Kaka, ameitikia mara tatu."

"Huitikia kila mtu! Tafuteni mkalimani."

"Hatuna. Na tukingoja kesho tutampoteza. Mwambie wewe, si ndugu yako?"

Ndugu yangu kweli, wa tumbo moja. Nikapitisha ukingo wa kiganja chini ya goti lake. Akacheka, akanipiga begani, kwa kuwa mimi ndiye mtani wa nyumba yetu. Nikarudia. Nikaonyesha mguu, nikaonyesha kutupa. Machozi yalikuwa yakinitoka, na nadhani ni hayo yaliyomweleza, si mikono yangu. Akauvuta mguu chini ya shuka, akaukumbatia.

Kisha akaanza kusema. Mikono yake ilikwenda mbio: kifuani, mguuni, dirishani, kwenye paji la uso. Hapo kwenye paji la uso nilitambua kwamba anamtaja mama, basi. Nikatikisa kichwa. Akarudia yote polepole kwa ajili yangu, akinikazia macho kama mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Huenda alisema kateni. Huenda alisema niacheni nife na mguu wangu. Nesi alikuwa ameshaleta kitanda cha magurudumu mlangoni.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Miaka thelathini na minne tumeishi nyumba moja.

"Sijui," nikamjibu. "Mungu anisamehe, sijui."