Gambuti Mlangoni

Juzi nilikuwa naingia katika yale maduka mapya hapa Kericho, yaliyojengwa palipokuwa na shule ya msingi ya umma, nikamwona mama mzee akivua gambuti mlangoni. Alizipanga kando ya ukuta, akabaki na soksi tu kwenye vigae vinavyong'aa.

Bawabu akamwendea mbio. "Kogo, ingia nazo tu," akamwambia, akimwita nyanya kwa Kikipsigis. "Hapa hakuna shida."

"Mlango ya darasa la kwanza ilikuwa hapa," mama akajibu. "Matope ya shamba la chai tulikuwa tunaacha nje. Mwalimu alikuwa mkali."

Bawabu hakucheka. Aliinama, akazigeuza gambuti ncha zielekee barabarani, jinsi watoto wa shule wa huku wanavyozipanga ili kengele ya kwenda nyumbani ikilia wasichelewe kuzivaa. Nikajua hata yeye alisomea hapo.

"Unanunua nini, kogo?"

"Daftari ya mjukuu."

"Anasoma wapi siku hizi?"

"Shule si walihamisha ng'ambo ya mto? Anaenda huko. Mvua ikinyesha, hasomi."

Tuliambiwa maendeleo yamefika, na sikatai. Ukitaka daftari, kalamu, hata begi la shule, vyote viko chini ya paa moja, pale pale darasa lilipokuwa.

Nilipotoka ilikuwa alasiri, na kama ilivyo Kericho karibu kila alasiri, mvua ilikuwa imeanza.